Ngamia wa Pwani ya Kismayu: Kweli, Si Kweli, au Nusu Kweli?

Umeyasikia haya, msomaji. Kama umelelewa Chula au Koyama, Kismayu au Kiunga, Lamu au Mombasa, hapana shaka umeyasikia: nundu ya ngamia imejaa maji; ngamia ukimpiga leo atakulipiza mwakani; maziwa yake yanaponya kisukari; ngamia na bahari hawapatani. Mengine uliyapata kwa babu, mengine kwa mwalimu, mengine yameletwa na simu ya jirani.

Visiwa vya Wabajuni vimejipanga kuanzia kusini mwa Kismayu hadi karibu na Ras Kiamboni, mpakani na Kenya. Mbele yake ni mwamba, kasa, kamba na mashua. Nyuma yake, ukivuka maji membamba, ni bara ya Jubba, na bara hiyo ni ya wafugaji. Mvuvi na mchunga ngamia wameishi jirani karne kwa karne, kwa hiyo hadithi za ngamia zimefika visiwani hata pale ambapo ngamia mwenyewe hajafika.

Huko kaskazini ya mbali, katika Norwei, Uswidi na Ufini, Wasami wanaishi na kulungu wa nchi za theluji: humla, huvaa ngozi yake, humfunga sileji, humwimbia. Ngamia kwa Msomali ana cheo hichohicho. Ni maziwa, nyama na usafiri. Kwa mila, fidia ya mtu mume aliyeuawa huhesabiwa kuwa ngamia 100. Washairi wa enzi za kupigania uhuru waliliita taifa lenyewe Maandeeq, jina la ngamia jike mwenye maziwa tele. Mnyama mwenye uzito wa namna hiyo hakosi kuzungukwa na maneno, na maneno yanafaa kupimwa.

Nimechagua madai kumi na moja. Kila moja linapata hukumu kwanza, sababu baadaye. Ukisoma, angalia jambo moja: ni nani aliyelizusha dai, anayeishi na ngamia au anayemsikia kwa mbali? Utaona kwamba hukumu nyingi zinafuata mstari huo.

Dai la 1: Nundu ya ngamia imejaa maji

Hukumu: SI KWELI.

Ndani ya nundu mna mafuta. Ngamia aliyeshiba anaweza kubeba kilo 30 na ushei za mafuta mgongoni, na akikaa na njaa muda mrefu nundu hunywea, ikalegea na hata kuanguka upande. Ndama huzaliwa bila nundu ya maana. Huipata kadiri anavyonyonya na kula. Muulize mchinjaji yeyote wa Kismayu. Amepasua nundu mara nyingi, na hajawahi kuchota maji humo.

Wapo wanaojitetea kwa hoja ya kisomi: mafuta yakiunguzwa mwilini hutoa maji, kwa hiyo nundu ni maji kwa njia ya mzunguko. Nusu ya hoja hiyo ni sahihi. Gramu moja ya mafuta hutoa maji yanayozidi gramu moja kidogo. Tatizo ni kwamba ili kuyaunguza mafuta hayo ngamia lazima avute hewa zaidi, na kila pumzi anayoitoa katika hewa kavu huondoka na unyevu. Hesabu ikifungwa, faida haipo.

Kwa nini basi mafuta yakae mahali pamoja? Kwa sababu mafuta yaliyotandazwa chini ya ngozi huzuia joto lisitoke. Yakilundikwa juu, sehemu iliyobaki ya mwili hupumua.

Dai la 2: Ngamia anaweza kukaa miezi bila kunywa

Hukumu: NUSU KWELI. Inategemea anachokula.

Msimu wa mvua, majani yakiwa mabichi na yenye maji, ngamia anaweza kupita wiki nyingi bila kusogezwa kisimani, kwa sababu maji anayapata malishoni. Kiangazi, malisho yakikauka, mambo hubadilika: mfugaji humrudisha kisimani baada ya siku kumi, kumi na nne hivi, na akiwa na mzigo au ananyonyesha, mapema zaidi. Mfugaji wa Jubba hasemi "miezi" bila kutaja msimu. Anayesahau msimu ni msimulizi wa mbali.

Mtu aliyelipima jambo hili kwa makini alikuwa Knut Schmidt-Nielsen, mtaalamu wa miili ya wanyama aliyezaliwa Norwei. Mwaka 1953 na 1954 alikaa Béni Abbès, katika Sahara ya Algeria, akiwapima ngamia uzito, joto na maji. Aligundua kwamba ngamia hana maji aliyoyaficha popote. Siri yake ni kutoyapoteza. Joto la mwili wake huachwa lishuke hadi nyuzi 34 alfajiri na kupanda hadi karibu nyuzi 41 alasiri, hivyo halazimiki kutoka jasho saa ambazo mtu angekuwa amelowa. Mkojo wake ni mzito na mchache. Manyoya yake ni kivuli: ngamia aliyenyolewa alitoka jasho zaidi kuliko mwenye manyoya kwa karibu nusu.

Ngamia anaweza kupoteza maji yanayofikia robo ya uzito wake na bado akatembea. Binadamu jangwani akifikia nusu ya kiwango hicho maisha yake yamo hatarini. Akifika kisimani, ngamia hunywa zaidi ya lita 100 katika muda wa dakika kumi hivi. Mnyama mwingine akinywa maji mengi ghafla namna hiyo, chembe nyekundu za damu yake zingevimba na kupasuka. Za ngamia zina umbo la yai na huvumilia kutanuka.

Pua pia ina kazi yake. Hewa inayotoka hupozwa ndani ya mikunjo ya pua, na unyevu hubaki humo badala ya kupotea. Kulungu wa Wasami ana mikunjo ya aina hiyo, naye huitumia kuokoa joto na maji katika baridi kali. Wanyama wawili, pembe mbili za dunia, dawa moja.

Dai la 3: Asili ya ngamia ni Uarabuni

Hukumu: SI KWELI, ingawa Uarabuni ina sehemu yake.

Ukoo wa ngamia ulianzia Amerika ya Kaskazini, zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita. Huko waliishi na kuzaana kwa muda mrefu kuliko walivyowahi kuishi Afrika au Asia. Baadaye baadhi yao walivuka kwenda Asia kupitia nchi kavu iliyokuwa ikiunganisha Alaska na Siberia. Wengine walishuka kusini, na wazao wao ndio llama na alpaka wa milima ya Andes. Waliobaki Amerika ya Kaskazini walitoweka.

Ushahidi wa kushangaza zaidi ulitangazwa mwaka 2013. Watafiti wakiongozwa na Natalia Rybczynski walikuwa wameokota vipande vya mfupa wa mguu katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada. Protini iliyobaki ndani ya mfupa ilionyesha kwamba ulikuwa wa ngamia mkubwa aliyeishi miaka karibu milioni tatu na nusu iliyopita. Wakati huo kisiwa kilikuwa na misitu, lakini baridi yake ilikuwa ndefu na usiku wake wa kipupwe ulidumu miezi. Watafiti hao walipendekeza kwamba nundu ya mafuta, macho makubwa na nyayo pana huenda vilimfaa ngamia kwenye theluji kabla ya kumfaa kwenye mchanga.

Sehemu ya Uarabuni ni ufugaji. Uchunguzi wa vinasaba na wa mifupa ya kale unaonyesha kwamba ngamia wa nundu moja alianza kufugwa kusini-mashariki mwa Rasi ya Uarabuni, miaka 3,000 hivi iliyopita. Kwa hiyo anayesema ngamia "alitoka Uarabuni" akimaanisha ngamia wa kufugwa hajapotea. Anayesema ndiko alikoumbwa, amepotea kwa bahari mbili.

Dai la 4: Somalia ina ngamia wengi kuliko nchi yoyote

Hukumu: KARIBU NA KWELI.

Kwa miaka mingi Somalia ilitajwa ya kwanza duniani, ikikadiriwa kuwa na ngamia milioni 7 hivi. Siku hizi makadirio ya Chad yamepanda na kuipita. Haya yote ni makadirio, kwa kuwa Somalia haijahesabu mifugo yake kikamilifu kwa miongo mingi. Lisilo na ubishi ni kwamba Somalia, Chad, Sudan na Kenya ndizo zenye sehemu kubwa ya ngamia wa dunia, na kwamba Umoja wa Mataifa ulipoutangaza mwaka 2024 kuwa mwaka wa kimataifa wa jamii ya ngamia, Pembe ya Afrika ilistahili kukaa mbele.

Dai la 5: Ngamia ni wa bara, Mswahili hamjui

Hukumu: SI KWELI.

Msafiri Ibn Battuta alifika Mogadishu mwaka 1331, akiwa njiani kwenda Mombasa na Kilwa. Katika habari zake aliandika kwamba wenyeji walikuwa na ngamia wengi sana na kwamba kila siku walichinjwa kwa mamia. Huo ni mji wa bandari, wenye misikiti, vitambaa na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi. Ngamia alikuwa katikati ya maisha ya pwani karibu miaka 700 iliyopita.

Karne ya 19, pwani ya Benadir na Lamu zilikuwa zikiuza ufuta kwa wingi ng'ambo, na sehemu nyingine ya ufuta huo ilikamuliwa hapahapa. Aliyezungusha kinu cha mafuta ni ngamia, macho yamefungwa kitambaa, akizunguka mchi mkubwa wa mti tangu asubuhi. Vinu vya namna hiyo vilikuwepo Mogadishu, na vilikuwepo Unguja mjini pia. Picha za zamani za Unguja zinaonyesha ngamia kazini. Unguja ni kisiwa, na ngamia wake hawakufika kwa miguu. Walipakiwa vyomboni na mabaharia waliojua kumlaza ngamia, kumfunga magoti na kumvusha salama.

Kwa hiyo mafuta ya uto yaliyopikiwa mikate ya bibi zetu yana jasho la ngamia ndani yake. Tumemsahau tu, baada ya mashine kuchukua nafasi yake.

Dai la 6: Ngamia anaogopa bahari na hawezi kuogelea

Hukumu: SI KWELI.

Dai hili hupendwa sana visiwani, kwa kuwa linamweka mvuvi upande wake na mfugaji upande wake. Lakini ngamia anaogelea. Mfano ulio wazi ni ngamia wa Kharai, katika Kutch, jimbo la Gujarat nchini India, pwani ileile ambako majahazi ya Mandvi yalikuwa yakitoka kuja Unguja na Mombasa. Ngamia hao huongozwa na wachungaji wao kuingia baharini, wakaogelea kilomita kadhaa hadi kwenye visiwa vya mikoko, na huko wakakaa siku kadhaa wakila majani ya mikoko.

Ngamia wa Jubba hajazoeshwa hivyo, na mnyama asiyezoeshwa atasita mbele ya mawimbi, kama ng'ombe atakavyosita. Kusita ni malezi, si umbile.

Tahadhari moja ni ya haki. Mikoko ya visiwa vya Wabajuni ni nyumba ya samaki wachanga na kaa, na ndiyo ngao ya ufuo. Huko Kutch wafugaji huzuia madhara kwa kuhamahama kati ya kisiwa na kisiwa. Anayetaka kuiga awaige na hilo.

Dai la 7: Ngamia asipopata chumvi huugua

Hukumu: KWELI.

Hapa wazee wa bara wanasimama imara. Mfugaji wa Kisomali huwapeleka ngamia wake mara kwa mara kwenye mimea yenye chumvi, kwenye visima vya maji ya magadi, au huwapa chumvi kwa mkono. Mgeni huweza kuona ni ushirikina wa malisho. Wataalamu wa mifugo wanakubaliana naye: mahitaji ya chumvi ya ngamia ni makubwa mara kadhaa kuliko ya ng'ombe au mbuzi, na akikosa kwa muda mrefu hupungua maziwa, hupoteza hamu ya kula, na huweza kupata vidonda vya ngozi na maumivu ya viungo.

Hii pia ndiyo sababu moja ya ngamia kuonekana karibu na pwani. Ukanda wa mchanga nyuma ya ufuo una mimea inayostahimili chumvi, ambayo ng'ombe huigusa kidogo na ngamia huitafuta. Wabajuni wanaowaona ngamia wakiteremka kuelekea baharini wasidhani wamepotea njia. Wanajua wanachokitaka, na mchungaji wao anajua pia.

Dai la 8: Mfugaji mzoefu huujua ugonjwa kwa kunusa mkojo

Hukumu: KWELI, lakini damu nayo ipimwe.

Ugonjwa wenyewe Wasomali wanauita dhukaan. Madaktari wa mifugo wanauita surra. Husababishwa na kijidudu cha damu kinachoenezwa na nzi wakubwa wanaouma, wale wanaofuata mifugo karibu na maji. Ngamia mgonjwa hukonda, homa huja na kuondoka, jike huharibu mimba, na mwishowe mnyama hufa. Ndiyo maana wachunga ngamia huepuka kukaa katika misitu ya kando ya Mto Jubba nzi wanapoongezeka. Huko pia kuna mbung'o, wanaoeneza vijidudu vya jamii hiyohiyo.

Mchungaji huchukua mchanga uliolowa mkojo wa ngamia, akaunusa, akatoa hukumu. Wataalamu waliwahi kudharau. Kisha baadhi yao wakafuatilia, wakakiri katika maandishi yao kwamba harufu hiyo ya pekee ipo kweli na kwamba wafugaji wa nchi mbalimbali, wasiojuana, wanaitegemea. Sababu ni kwamba mwili unaoshambuliwa hubadilisha namna unavyounguza chakula chake, na mabaki hutoka kwenye mkojo.

Pua nayo huweza kukosea. Dalili za mwanzo hufanana na za magonjwa mengine, na dawa isiyofaa ni hasara. Pua iseme kwanza, maabara ithibitishe.

Dai la 9: Ngamia hutema mate, tena huweka kisasi miaka mingi

Hukumu: la kwanza NUSU KWELI, la pili HALINA USHAHIDI.

Akitishwa au akikasirika, ngamia hurusha kitu kutoka mdomoni. Mengi ya anachorusha si mate. Ngamia hucheua, na kinachotoka ni chakula kilichosagika nusu kutoka tumboni, kimechanganyika na mate, chenye harufu ambayo haisahauliki. Ni onyo. Ngamia aliyelelewa kwa upole huweza kuishi maisha yake yote bila kumrushia mtu.

Habari za ngamia aliyengoja miaka saba akamuua aliyempiga zinasimuliwa kuanzia Morocco hadi Kismayu, na kila mahali aliyeuawa ni "mtu mmoja" asiye na jina. Ngamia ana kumbukumbu nzuri ya njia, visima na watu, hilo ni kweli. Lakini majeraha mabaya yanayopokelewa hospitalini yana maelezo mengine: mengi hutokana na madume wakati wa kupandana. Kipindi hicho dume hali vizuri, hutoka povu, husaga meno na kumshambulia yeyote anayemkaribia, hata ambaye hajawahi kumwona.

Wakati huohuo utaona dume likitoa kando ya mdomo kitu chekundu kama puto, likikoroma. Wengine husema ni ulimi, wengine utumbo. Ni sehemu laini ya kaakaa lake, anayoijaza hewa kuwavutia majike na kuwatisha madume wenzake. Ukiona hivyo, sogea mbali. Si wewe unayelipizwa, ni msimu.

Dai la 10: Maziwa ya ngamia yanaponya kisukari, na ni bora yakinywewa mabichi

Hukumu: la kwanza HALIJATHIBITISHWA, la pili SI KWELI, na ni hatari.

Tuyape maziwa haki yake kwanza. Yana vitamini C karibu mara tatu ya maziwa ya ng'ombe, jambo kubwa kwa watu wanaoishi miezi bila matunda. Hukaa muda mrefu zaidi bila kuharibika. Hayana protini moja iliyo katika maziwa ya ng'ombe ambayo huwadhuru baadhi ya watoto. Na wazee wanaosema hayashikani vizuri kuwa jibini wako sahihi: mpangilio wa protini zake ni tofauti, na ilibidi wataalamu wabuni njia mpya. Kiwanda cha Tiviski cha Nouakchott, Mauritania, kilichoanzishwa mwaka 1989, ndicho kilichopata sifa kwa jibini la ngamia. Kwetu hatukuhitaji kungoja; susa, maziwa ya ngamia yaliyochachushwa, imelisha safari kwa vizazi.

Kuhusu kisukari, zipo tafiti, hasa za Rajasthan nchini India, zilizoonyesha dalili za matumaini kwa baadhi ya wagonjwa. Lakini waliochunguzwa walikuwa wachache kwa idadi, na wengi wao waliendelea kutumia dawa zao. Hakuna daktari makini anayeruhusu mgonjwa aache insulini kwa sababu ya maziwa. Kunywa kwa lishe. Usinywe badala ya dawa.

Kuhusu kunywa mabichi, mfugaji tunayemheshimu katika madai mengine hapa amekosea, na kosa lake linaeleweka: kinachodhuru hakionekani kwa macho. Maziwa mabichi hueneza bruselosi, homa inayorudi tena na tena, inayoumiza viungo na kuharibu mimba. Kisha kuna virusi vya MERS, vinavyoshambulia njia ya hewa, vilivyotambuliwa mwaka 2012 baada ya mtu kuugua na kufa Saudi Arabia. Wachunguzi walipofungua damu ya ngamia iliyohifadhiwa tangu miaka ya 1980, walikuta alama za virusi hivyo katika sampuli za Somalia za mwaka 1983. Vilikuwepo muda wote, bila kujulikana. Kuchemsha kunaviua vyote viwili. Ladha hubadilika kidogo, afya haibadiliki.

Na anayekuletea maziwa hayo ni nani? Mila inasema mwanamke hamkami ngamia. Hiyo ni kazi ya wanaume na vijana machungani. Lakini maziwa yakifika mjini, biashara iko mikononi mwa wanawake, katika miji ya Somalia na Isiolo hadi Nairobi vilevile. Kwa hiyo ujumbe wa kuchemsha unafaa kuanzia kwa mama muuza maziwa. Akikubali yeye, mji mzima unapona.

Dai la 11: Ukame hauui ngamia

Hukumu: SI KWELI.

Ngamia hufa wa mwisho, ndiyo. Ng'ombe huanza, kondoo hufuata, mbuzi huvumilia kidogo, ngamia hubaki. Kwa sababu hiyo wafugaji wengi waliotegemea ng'ombe wamehamia kwa ngamia, na kaunti ya Samburu nchini Kenya ilianza mwaka 2015 kuwagawia watu wake ngamia wa Kisomali. Uamuzi huo una akili: ngamia hula majani ya juu ambayo ng'ombe hayafikii, na hutoa maziwa wakati ng'ombe amekauka.

Lakini kudumu si kutokufa. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 Pembe ya Afrika ilikosa misimu mitano ya mvua mfululizo. Ngamia walikufa kwa wingi, kusini mwa Somalia pia, na familia za wafugaji zikaishia kambini. Na ngamia akifa, kumrudisha ni kazi ya miaka. Jike hubeba mimba takriban miezi 13, huzaa ndama mmoja, na kwa kawaida hupita miaka miwili kabla ya kuzaa tena. Mfugaji wa mbuzi huweza kujenga kundi upya kwa misimu michache. Mfugaji wa ngamia huhitaji karibu muongo.

Anayeamini kwamba ngamia hafi huchelewa kuuza, huchelewa kuhama na huchelewa kuomba msaada. Imani hii imewagharimu watu mali, na yafaa iachwe.

Hesabu ya mwisho

Yaliyosimama wima ni mawili, la chumvi na la harufu, na yote mawili yametoka kwa watu wanaolala na ngamia wao. Yaliyoanguka kabisa, la nundu ya maji, la bahari na la Mswahili asiyemjua ngamia, yametoka kwa watu waliomtazama kwa mbali. Mfugaji naye ameanguka mahali pawili: kwenye kijidudu asichoweza kukiona, na kwenye ukame wa aina ambayo babu yake hakuwahi kuiona. Ujuzi wake ni wa macho, pua na miaka mingi, na mipaka yake ni mipaka ya vitu hivyo.

Kipimo hicho kinafaa kwa zaidi ya ngamia. Wabajuni wana elimu yao ya mikondo, misimu ya kaskazi na kusi, kasa na mwamba, nayo inastahili kusikilizwa kwa heshima ileile na kupimwa kwa ukali uleule. Ukisikia dai jipya kuhusu mnyama yeyote, wa bara au wa bahari, uliza maswali matatu. Aliyelisema anaishi naye? Jambo lenyewe huonekana kwa macho? Na hali iliyolizaa dai bado ipo, au dunia imebadilika? Ukipata jibu la "ndiyo" mara tatu, mwamini mzee. Ukipata "hapana" hata moja, mwulize mzee, kisha mwulize na daktari wa mifugo. Na wakati ukingoja majibu, chemsha maziwa.